Toleo jipya, mvua pungufu: kisa cha kituo cha hali ya hewa cha chama cha wakulima

Majina ya watu, ya chama na ya kata nimeyatoa. Tarakimu za mvua nimezikata hadi milimita nzima, ila uwiano wake nimeuacha kama ulivyokuwa, maana kisa kizima kimo humo. Mimi mwenyewe nimo pia: ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu kila fundi alipokwama, na ushauri mmoja nilioutoa ndio uliotuchelewesha kuliko kitu kingine chochote.

## Usuli

Chama ni cha wakulima wa mahindi, maharage na viazi mviringo katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Kule mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au mwanzoni mwa Desemba hadi Aprili. Swali la lini kupanda linaulizwa mara moja kwa mwaka, na ukilikosea hakuna vuli ya kufidia. Ukipandia mvua ya kwanza ya kudanganya, mbegu inachipua kisha jua linaiunguza, na mfuko wa mbegu chotara si kitu cha kununua mara mbili. Ukichelewa, mvua inakatika mahindi yakiwa bado yanajaza punje.

Miaka kadhaa nyuma mfadhili aliwaletea kituo kidogo cha hali ya hewa chenye kipimajoto, kipimaunyevu, kipimaupepo, na kipimamvua cha vile vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu kama pembea kila kimoja kinapojaa. Kituo kimeungwa kwa waya wa USB na Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, iliyowekwa juu ya kabati la mafaili ofisini, na humo ndani inaendeshwa programu huria ya WeeWX.

WeeWX iliandikwa na Tom Keffer kwa lugha ya Python, na kwa zaidi ya miaka kumi imekuwa kimbilio la watu wenye vituo vya uani. Inazungumza na vituo vya aina nyingi, kila baada ya dakika chache inaandika rekodi moja kwenye kanzidata, kisha inatengeneza kurasa zenye namba na grafu. Chama kilikuwa kwenye mpangilio wa dakika tano, yaani rekodi 288 kwa siku. Kanzidata yenyewe ni faili moja la SQLite liitwalo weewx.sdb, na anayetaka kulisoma kwa programu yake mwenyewe hakatazwi na mtu.

Jambo moja lazima nilieleze sasa, vinginevyo yanayofuata hayataeleweka. WeeWX huhifadhi vipimo kwa mmoja kati ya mifumo mitatu. US ni Fahrenheit, na mvua ni inchi. METRIC ni Sentigredi, lakini mvua yake ni sentimita. METRICWX ni Sentigredi, na mvua ni milimita. Kila rekodi inabeba safu iitwayo usUnits yenye namba ya mfumo wake: 1 kwa US, 16 kwa METRIC, 17 kwa METRICWX. Usipochagua, kanzidata itaandikwa kwa US, hata kama unaishi mahali ambapo inchi ni za seremala na fundi cherehani tu. Halafu penye utelezi ni hapa: mfumo wa kanzidata si mfumo wa kurasa. Kurasa zinaweza kuonyesha milimita huku kanzidata iliyo chini yake ni ya inchi, kwa sababu programu inageuza yenyewe kabla ya kuonyesha. Faili la mipangilio linalisema hili bila kuficha, kwa maelezo marefu juu ya mstari wa target_unit, ule unaochagua mfumo wa kanzidata. Nimeyasoma mara nyingi baada ya kisa. Kabla ya kisa, hata mara moja.

Kijana wa kujitolea aliyefunga kituo mwanzoni alichagua METRIC. Kisha akaandika skripti mbili, yaani programu fupi, nje ya WeeWX, zote zikisoma weewx.sdb moja kwa moja. Ya kwanza ilijumlisha mvua ya siku tatu mfululizo, ikazidisha kwa 10 ili sentimita ziwe milimita, na kuanzia katikati ya Novemba jumla ikifika 25 ilimpigia katibu kengele, naye akaidhinisha ujumbe mfupi kwa wanachama: mvua ya kupandia imefika. Ya pili iliangalia joto na unyevu wa hewa kwa ajili ya bakajani ya viazi, ile ambayo wengi huiita ukungu. Hakuna hata moja iliyotazama safu ya usUnits. Miaka yote ilikuwa 16. Nani angehangaika nayo?

Mbali na kituo, uani kuna kipimamvua cha bati cha zamani. Mzee mmoja mwanachama hukisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari la shule. Saa tatu ni sawa na saa 06:00 za UTC, wakati ambapo vituo rasmi navyo husoma mvua ya saa 24 zilizopita. WeeWX huhesabu siku kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo mvua ya Jumatatu jioni kompyuta inaiweka Jumatatu, mzee anaiandika Jumanne. Tofauti hiyo kila mtu ofisini aliifahamu na kuizoea. Iweke akilini.

Januari 2024 likatoka toleo la 5 la WeeWX. Toleo la 4, la mwaka 2020, lilikuwa likikubali Python 2 na Python 3; la 5 likaiacha kabisa Python 2. Amri nyingi zilizoanza na wee_ zikakusanywa chini ya amri moja, weectl. Usakinishaji wa kale wa setup.py, uliokuwa ukiweka kila kitu ndani ya /home/weewx, ukaondolewa. Aliyekuwa akiutumia sasa husakinisha kwa pip, na vitu vyake vinakaa kwenye saraka ya weewx-data. Yote hayo yameandikwa kwenye mwongozo wa kuhama, hatua kwa hatua. Anayesoma kisa hiki akitafuta mkosaji miongoni mwa waandishi wa programu atachoka bure.

## Yaliyotokea

Katikati ya Oktoba ya mwaka huo kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi ilianza kugoma. Fundi wa chama, kijana anayetengeneza simu na kompyuta mjini, aliwahi kunakili weewx.sdb kwenye flashi likiwa zima. Faili la mipangilio, weewx.conf, halikuwa na bahati hiyo: nusu ya juu ilisomeka, nusu ya chini ilikuwa alama za ajabu ajabu. Akanunua kadi mpya na kuweka mfumo mpya wa uendeshaji. Kwa kuwa alikuwa anaanza upya, akaona aende moja kwa moja kwenye toleo la 5. Nikamuunga mkono. Kujenga upya juu ya toleo linaloachwa hakukuwa na maana, na hata leo ningesema vivyo hivyo.

Alitumia weectl station create, ambayo huuliza maswali machache: jina la mahali, mwinuko, latitudo na longitudo, mfumo wa vipimo kwa ajili ya taarifa, aina ya kituo. Kwenye swali la vipimo akajibu metricwx. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali lililoulizwa. Swali lilihusu kurasa, na kurasa zikatoka kwa milimita. Kanzidata, ambayo haikuulizwa, ilianza kwa US.

Jioni mbili zilizofuata zilikuwa za jasho. Zamani WeeWX ya pale ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Sasa ilikuwa chini ya mtumiaji wa kawaida, na mtumiaji huyo hakuwa na ruhusa ya kugusa waya wa USB. Programu inaamka, inakosa kituo, inalala. Tukarekebisha ruhusa. Kisha nyongeza ya kutuma ujumbe wa simu, iliyoandikwa kwa Python 2, ikaanguka palepale kwa sababu ya mistari ya print isiyo na mabano. Tukaiandika upya karibu yote. Jioni ya pili, karibu saa nne usiku, grafu zikaanza kuchora. Fundi akaniandikia neno moja: "Imekubali."

Kesho yake asubuhi akapiga.

"Shikamoo kaka. Ile ya viazi inasema joto sitini na moja."

"Marahaba. Sitini na moja? Hiyo Fahrenheit hiyo. Toleo jipya litakuwa limekuja na Fahrenheit. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa."

Nikasikia vidole kwenye kibodi. "Imekuja kumi na sita nukta moja."

"Basi, hiyo ndiyo yenyewe."

Nilikuwa kwenye foleni ya daladala. Mazungumzo hayakufika dakika mbili.

Mwishoni mwa Novemba mvua ikaja. Kwa siku tatu daftari la mzee liliandika 14, 19 na 8, jumla milimita 41. Skripti ikasema 16. Kurasa za WeeWX zilionyesha 40 bila shida yoyote, ila hakuna aliyezifungua. Tangu skripti ianze kazi watu walikuwa wamezoea kungoja kengele. Bibi shamba wa kata akampigia katibu: "Katibu, nimechimba, udongo umelowa mpaka kwenye kiwiko. Mnangoja nini?" Katibu akamuuliza fundi, na fundi akajibu kile ambacho sote tungejibu, kwamba ni ile tofauti ya saa tatu asubuhi na usiku wa manane, kesho namba zitakutana. Katibu akangoja.

Kengele ililia siku 12 baadaye, baada ya mvua kubwa ya siku tatu iliyofika milimita 71. Skripti iliiona kama 28. Ujumbe ukaenda kwa wanachama.

Wiki ya kwanza ya Januari bibi shamba hakupiga simu. Alikuja ofisini na daftari la mzee mkononi. Alikuwa amejumlisha Desemba nzima: 212. Taarifa ya chama ya mwezi huo ilisema 83. Fundi akagawa kwa kikokotoo cha simu, akanitumia jibu bila maelezo: 2.55.

Niliitazama namba ile kama mtu anayemwona sokoni uso anaoufahamu asikumbuke jina. Kisha nikakumbuka rula ya shule, upande mmoja sentimita, upande wa pili inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54. Skripti ilikuwa inachukua inchi, inadhani ni sentimita, inazidisha kwa 10. Kilichozidi kidogo juu ya 2.54 ni cha kawaida, kwani vikombe vya kupinduka hupoteza matone mvua inapokuwa kubwa. Nikamwambia fundi afungue kanzidata zote mbili aangalie usUnits. Ya zamani: 16 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpya: 1, kila mstari, rekodi 288 kwa siku tangu Oktoba.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuanza na kanzidata tupu na kuiacha ya zamani kwenye flashi hadi mambo yatulie. Sababu ilikuwa ya heshima kabisa: ile ya zamani ilikuwa na miaka ya data, na hatukutaka toleo jipya liiguse kabla hatujaliamini. Kuunganisha tungefanya baadaye.

Uamuzi wa pili, wangu, ulikuwa kurekebisha joto ndani ya skripti ya viazi badala ya kuuliza Fahrenheit imetoka wapi. Kauli yangu kwamba "toleo jipya limekuja na Fahrenheit" haikuwa kweli hata kidogo. Toleo la 4 nalo lilikuwa linaanza na US usipochagua, vilevile toleo la 5. Kilichobadilika hakikuwa programu. Kilichobadilika ni kwamba uamuzi wa yule kijana wa kujitolea, METRIC, ulikuwa umeandikwa kwenye faili la mipangilio, na sehemu ile ya faili iligeuka kuwa alama za ajabu ajabu. Lakini lawama ya toleo jipya ilikuwa rahisi kumeza, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuhangaishwa nalo jioni mbili. Kila kilichoharibika wiki ile kilikuwa cha toleo jipya mpaka kithibitike vingine.

Wa tatu ni wa katibu kuamini maelezo ya saa tatu na usiku wa manane. Simlaumu, maelezo yalikuwa ya kweli siku zote kabla ya hapo.

Wa nne ulikuja baada ya kugundua, na ulijadiliwa kwa sauti za juu. Baadhi ya wajumbe wa bodi walitaka turekebishe kimyakimya: msimu umeshaanza, mahindi yameshaota, kuwaambia watu kutawafanya wadharau ujumbe wa mwakani. Mwenyekiti akakataa. Hoja yake haikuwa ya uadilifu peke yake. Alisema waliopanda mapema kwa macho yao wanajua kwamba ujumbe ulichelewa, na wameshaanza kutaniana vilabuni. Chama kikinyamaza, watajijibu wenyewe. Mkutano ukaitishwa, katibu akasoma namba mbili, 212 na 83, akaeleza inchi kwa kushika kidole gumba.

Ukarabati ulichukua siku moja. Tukasimamisha programu na kunakili kanzidata zote mbili pembeni. Tukaweka target_unit kuwa METRICWX, tukaendesha weectl database reconfigure kwa kila kanzidata. Amri hiyo haiharibu faili lililopo, inatengeneza jipya lenye _new mwishoni, likiwa limegeuzwa vipimo vyote. Kisha tukaunganisha mbili kuwa moja kwa SQLite, muda wa rekodi haukugongana popote, na tukamalizia na weectl database rebuild-daily ili majumlisho ya kila siku yahesabiwe upya. Skripti zote mbili zikaandikwa upya: zinasoma usUnits kwanza, zinageuza kufuatana nayo, na zikikuta namba zisiyoijua zinasimama na kumpigia katibu kengele ya aina nyingine. Ile fomula yangu ya toa thelathini na mbili tukaifuta. Tungeiacha, viazi vingekuwa kwenye barafu.

## Matokeo

Hakuna rekodi hata moja iliyopotea, isipokuwa siku chache ambazo kadi ilikuwa imekufa. Inchi zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Zilisomwa vibaya tu.

Ujumbe uliochelewa siku 12 haukuweza kurudishwa. Wanaoishi jirani na mashamba yao wengi walipanda kwa kuangalia udongo na majirani. Walioumia ni wenye mashamba mbali, wanaoishi mjini au kata nyingine, wasioweza kuchimba na kuona. Hao ndio walioomba huduma ya ujumbe tangu awali, na ndio walioungoja kwa utii. Mmoja alisema mkutanoni kwamba alikuwa na mbegu na mbolea ya kupandia sebuleni wiki mbili, mke wake akimuuliza kila jioni, naye akijibu kuwa chama bado hakijasema.

Taarifa ya Desemba ilikuwa imeshakwenda kwa mfadhili ikiwa na 83. Ikapelekwa barua ya masahihisho. Jibu lilikuwa mstari mmoja wa shukrani, ambao ulinitia wasiwasi kidogo kuhusu nani husoma taarifa zile.

## Uchambuzi

Nianze na kelele, kwa kuwa ndizo zilizotumeza. Ruhusa ya USB na Python 2 zilitupa makosa mekundu kwenye skrini, na mwongozo wa kuhama uliyataja yote mawili. Tulitumia jioni mbili kwa mambo ambayo yasingeweza kumdhuru mkulima yeyote: kituo kisichosoma kabisa kingemfanya katibu aangalie daftari la mzee. Skripti ya mvua haikutoa kosa hata moja tangu Oktoba hadi Januari. Ilifungua faili, ikakuta jedwali lenye jina lile lile, safu ya mvua yenye jina lile lile, namba zenye nukta kama kawaida, ikafanya kazi yake. Mwongozo wa kuhama usingeweza kuitaja. Waandishi wa WeeWX hawajui kama ipo.

Kanzidata tupu ndiyo inayoniuma kuliko yote, maana ulikuwa uamuzi wa tahadhari. WeeWX ina ulinzi wake: ukiweka kanzidata ya METRIC chini ya mipangilio ya US, inakataa kuandika na kulalamika kwamba mfumo wa rekodi mpya haufanani na wa jedwali. Tungeipa nakala ya kanzidata ya zamani jioni ya kwanza, tungepata kosa jekundu la tatu, na hilo lingekuwa la maana. Kwa kuilinda data ya zamani tuliinyima programu kitu pekee ambacho ingelinganisha nacho. Nakala, nasisitiza, si faili la asili. Tahadhari na ukaguzi vingeweza kukaa pamoja.

Kisha joto la 61. Hapa kosa lilijitangaza lenyewe, na sisi tukaliziba mdomo. Joto la 61 haliwezekani kule milimani, kwa hiyo lilionekana siku ya kwanza. Mvua ya milimita 16 inawezekana sana, kwa hiyo haikuonekana wiki tano. Makosa yote mawili yalikuwa kosa moja. Kama makosa ya vipimo yangekuwa makubwa daima, yangekuwa rahisi, ila 2.54 ni kubwa kiasi cha kuharibu msimu na ndogo kiasi cha kupita bila kutiliwa shaka. Bila kujua, tulikuwa tumepandisha kigezo cha kupanda kutoka milimita 25 hadi 63.5. Simu ile ya daladala ilihitaji swali moja zaidi: kama joto ni Fahrenheit, na mvua je? Nililijua jibu la Fahrenheit haraka mno hata sikuliona kuwa swali.

Maelezo ya saa tatu asubuhi yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ni ya kweli na bado yalitudanganya. Kupishana kwa siku kunahamisha mvua kutoka tarehe moja kwenda nyingine. Hakuipunguzi. Ukijumlisha siku kumi, daftari na kompyuta lazima zikaribiane, zikitofautiana kwa mvua ya usiku mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho. Bibi shamba alilijua hili kwa mazoea, ndiyo maana hakuleta siku tatu bali mwezi mzima. Sisi wenye kompyuta tulikuwa tunalinganisha tarehe kwa tarehe, tukikuta hazifanani, tukisema ndivyo zilivyo.

Daftari la mzee ndilo lililookoa kisa, na lilikuwa karibu kuachwa. Bodi ilikuwa imeshajadili kama kuna haja ya kumlipa posho mtu wa kusoma bati wakati kuna kituo cha kisasa. Halikuwa bora kuliko kituo. Lilikuwa halina uhusiano nacho. Halitumii umeme wake, wala kadi yake, wala Python. Kitu kingine kilichofaa ni kwamba WeeWX huandika namba ya mfumo kwenye kila rekodi, hata kama inaonekana kurudia jambo lile lile mara 288 kwa siku. Bila safu hiyo tungebaki tunakisia ni tarehe gani inchi zilianza.

Jambo la mwisho ni la majira. Tulihama Oktoba kwa kulazimishwa na kadi, lakini hata kama tungekuwa na uhuru, Oktoba ungeonekana mwezi mzuri: hakuna mvua, hakuna haraka, muda wa kujaribu upo. Tulijaribu. Kila asubuhi skripti ilisema sifuri, na kweli ilikuwa sifuri. Sifuri ya inchi na sifuri ya milimita ni moja.

Siku hizi baada ya kugusa chochote, iwe toleo, kadi au waya, fundi anapanda ngazi na maji. Mdomo wa kipimamvua chao una sentimita za mraba 200, kwa hiyo nusu lita ni milimita 25, kigezo chenyewe cha kupanda. Anatumia chupa ya maji ya dukani iliyotobolewa kizibo kwa sindano, yapite taratibu ili vikombe visizidiwe, na anaongeza vifuniko viwili vya maji kwa sababu kikombe cha mwisho hubaki nusu bila kupinduka. Sharti la tarehe analizima, muda wa kumwaga anauandika ili mvua ile ya uongo ifutwe kwenye kanzidata baadaye. Katibu anakaa chini kwenye kivuli na simu mkononi, na fundi hashuki ngazini mpaka simu ilie.